Unene si fedheha, na kisu si uchawi

Siku hizi mazungumzo ya upasuaji wa kupunguza uzito yamefika sokoni. Miaka ya nyuma zilikuwa habari za kusikia redioni, mambo ya matajiri wa Ulaya na Marekani. Leo mama anayeleta mchele na mafuta kutoka Kigoma anaweza kukutajia hospitali ya Dar es Salaam inayofanya kazi hiyo, na kijana anayebadilisha pesa pale Mugina anakuonyesha kwenye simu picha za mtu kabla na baada. Wapo wanaosema ni muujiza. Wapo wanaosema ni dhambi kuukata mwili uliopewa na Mungu. Na wapo wajanja ambao, wakati sisi tunabishana, wanauza vidonge na chai za kuyeyusha tumbo.

Mimi si daktari. Ni mwalimu wa baiolojia, niliyesoma shule katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, na kurudi nyumbani mwaka 2009. Lakini hapa mpakani mwalimu huulizwa kila kitu, kuanzia barua ya forodha hadi cheti cha hospitali, na katika miaka ya karibuni swali hili la upasuaji nimeulizwa mara nyingi. Kwa hiyo naona ni wajibu wangu kueleza kinachojulikana, na kusema waziwazi jambo moja ambalo naona serikali zetu na sisi wenyewe tunalipuuza: kuvuka mpaka kwenda kupasuliwa si kazi kubwa, bali kazi kubwa ni ile ya miaka inayofuata baada ya kurudi.

Najua lawama itakayokuja kwanza. Utasemaje habari za unene katika nchi ambayo, kwa mujibu wa uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 na 2017, zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka 5 wamedumaa kwa lishe duni? Lawama hiyo ina haki yake. Lakini anayetembea na macho wazi anajua kwamba njaa na unene vinaishi nyumba moja. Jiko ni lile lile: ugali wa muhogo, mafuta ya mawese, mchele, chai yenye sukari nyingi. Mtoto anakosa mayai, maharage na dagaa wa kumjenga, hapo hapo mama yake, anayekaa kwenye kibanda tangu alfajiri hadi usiku na kula mlo mmoja mzito saa nne za usiku, anaongezeka uzito mwaka hadi mwaka. Isitoshe, wanasayansi waliowafuatilia watoto waliokuwa tumboni wakati wa njaa kubwa ya Uholanzi ya mwaka 1944 na 1945 waligundua kwamba wengi wao, walipokuwa watu wazima, walikuwa katika hatari zaidi ya kupata kisukari. Sisi tuliozaliwa na kulelewa katika miaka ya kukimbia tunapaswa kulisikiliza jambo hilo kwa makini kuliko wengine.

Kuna na suala la heshima. Kwa walioishi Mtabila, Lukole au Nyarugusu, wakapanga foleni ya posho na kurudi na kopo la unga na mbaazi, mwili mnene ulikuwa ushahidi kwamba mtu ametoka kwenye dhiki. Hata leo mtu akinenepa tunamwambia ana afya, akipungua tunamuuliza nani kamroga au ana ugonjwa gani. Simlaumu mtu kwa hilo. Lakini hesabu za dunia zimebadilika. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mwaka 2022 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa akiishi na unene uliokithiri, na ongezeko hilo halikuziacha nchi maskini. Kisukari, shinikizo la damu, kiharusi, magoti yanayokataa kupanda kilima na kukatika kwa pumzi usingizini si dalili za afya.

Sasa tuelezane kipimo. Hospitali hutumia uwiano wa uzito na urefu, ambao kwenye karatasi huandikwa BMI. Unachukua uzito wako kwa kilo, unaugawa kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 110, tunazidisha 1.60 kwa 1.60 tunapata 2.56, kisha 110 tunagawa kwa 2.56, jibu ni karibu 43. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Mama huyu mwenye 43 yuko katika kundi la hatari kubwa kabisa.

Kwa miaka mingi mwongozo uliofuatwa ulikuwa ule uliotolewa Marekani mwaka 1991, uliosema upasuaji ufikiriwe kwa mwenye 40 na zaidi, au 35 akiwa na ugonjwa unaotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hiyo vilishusha kiwango: 35 na zaidi hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari cha ukubwani au magonjwa ya namna hiyo. Maana yake si kwamba kila mwenye 35 lazima akatwe. Maana yake ni kwamba anayo haki ya kuelezwa kuwa njia hiyo ipo.

Wengi huuliza, kwa nini asipunguze kula tu na kutembea? Swali hili huulizwa kwa dharau, kana kwamba mtu mnene ni mvivu. Anayesema hivyo hajamwona mama wa mpakani akibeba ndoo ya dagaa kichwani kilomita kadhaa. Ukweli ni kwamba mwili uliozoea uzito mkubwa hupigana kuulinda. Ukila kidogo, homoni za njaa hupanda, na mwili hujifunza kutumia nguvu kidogo. Ndiyo sababu watu wengi hupungua kilo kumi kwa tabu na kuzirudisha zote katika mwaka mmoja au miwili. Chakula bora na mwendo ni vya lazima kwa kila mtu, na kwa mwenye uzito uliozidi kidogo huweza kutosha. Lakini kwa mwenye 43, mara nyingi peke yake havitoshi, na kumwambia "jitahidi" bila kumpa njia nyingine ni kumwonea.

Njia za upasuaji ni kadhaa, na majina yake yasimtishe mtu. Nyingi hufanywa kwa matundu madogo tumboni, daktari akitumia kamera, na mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi. Kwa kawaida hulazwa siku moja hadi tatu ikiwa hakuna tatizo.

Ya kwanza, ambayo ndiyo inayofanywa zaidi duniani kwa sasa, madaktari huiita sliivu, kwa sababu tumbo linalobaki hufanana na mkono wa shati. Daktari anakata na kuondoa karibu asilimia 80 ya tumbo la chakula, akiacha mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Utumbo hauguswi. Mtu hushiba kwa chakula kidogo, na kwa kuwa sehemu iliyoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, hamu ya kula nayo hupungua. Hasara yake ni mbili. Kwanza, kilichoondolewa hakirudi. Pili, kiungulia huweza kuzidi, kwa hiyo mwenye kiungulia kikali inambidi afikiri mara mbili.

Ya pili ni baipasi, yaani mchepuko. Ilianza Marekani katika chuo kikuu cha Iowa mwaka 1966, kwa hiyo si jaribio la jana. Daktari anatengeneza kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo, ukubwa wake kama yai, kisha anakiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula kinalikwepa tumbo lililobaki na sehemu ya kwanza ya utumbo, kama gari linalopita barabara ya mchepuko kuukwepa mji. Tumbo la zamani linabaki ndani, likiendelea kutoa majimaji yake yanayokutana na chakula mbele zaidi. Njia hii huwasaidia zaidi wenye kisukari na wenye kiungulia. Lakini ukila vitu vitamu vingi kwa mara moja, huingia utumboni kwa kasi na kukuletea jasho, moyo kwenda mbio, kizunguzungu na kuhara. Pia vidonda vinaweza kutokea kwenye maungio, hasa kwa wavuta sigara na wanaokunywa dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Wafanyabiashara wa mpakani wanisikilize hapa, maana dawa hizo kwetu zinanunuliwa dukani kama karanga.

Ipo aina nyingine ya mchepuko yenye maungio moja badala ya mawili, ambayo ni fupi zaidi kufanywa. Na ipo ile kubwa kuliko zote, inayochanganya kukata tumbo na kuruka sehemu ndefu ya utumbo. Hiyo hupunguza uzito kuliko nyingine zote, lakini ndiyo yenye hatari kubwa ya upungufu wa lishe. Kwa mtu anayeishi mahali ambapo vipimo vya damu ni vya kutafuta kwa tochi, sishauri aikimbilie.

Halafu kuna pete, mkanda wa silikoni unaofungwa sehemu ya juu ya tumbo na kukazwa au kulegezwa kwa kujaza maji. Miaka ya 2000 ilikuwa na sifa sana. Leo hospitali nyingi zimeiacha, kwa sababu watu wengi waliishia kurudi kutolewa pete zao. Anayekuuzia pete leo kama teknolojia mpya, muulize maswali.

Mwisho ni puto. Hili si upasuaji. Linapitishwa mdomoni hadi tumboni na kujazwa maji, likachukua nafasi ya chakula. Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili tawi la Mloganzila ilianza huduma hii mwaka 2022. Puto kwa kawaida hukaa miezi 6, aina nyingine hadi 12, kisha lazima litolewe. Mtu anaweza kupungua karibu asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, lakini asipobadili ulaji, likitoka puto na uzito unarudi. Humfaa aliye na uzito wa wastani, au anayehitaji kupungua kwanza ili upasuaji mwingine uwe salama.

Tusidanganyane kuhusu matokeo. Kwa wastani, sliivu hupunguza karibu asilimia 25 ya uzito wote katika mwaka mmoja hadi miwili, na baipasi karibu asilimia 30. Mwenye kilo 120 atarajie kufika karibu kilo 90 kwa njia ya kwanza, au 84 kwa ya pili. Hatakuwa kama binti wa miaka 18 kwenye picha za simu. Ngozi italegea. Baadhi ya kilo hurudi baada ya miaka kadhaa. Lakini kilo 30 zikitoka, kisukari mara nyingi hutulia, hata wengine wakaacha dawa kwa miaka, shinikizo linashuka, magoti yanapumzika. Nchini Sweden uchunguzi ulioanza mwaka 1987 uliwafuatilia maelfu ya watu wanene, nusu wakiwa wamepasuliwa na nusu wakitibiwa kwa njia za kawaida. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliopasuliwa walikufa wachache zaidi. Huo si urembo. Ni uhai.

Hatari nazo zipo. Katika hospitali zenye uzoefu, anayekufa kutokana na upasuaji huu ni takriban mtu 1 kati ya 1,000. Ni kiwango kidogo, kinachokaribiana na cha upasuaji wa kutoa kibofu cha nyongo, lakini msisitizo uwe kwenye neno uzoefu. Mishono inaweza kuvuja. Damu inaweza kuganda miguuni na kupanda mapafuni. Mawe ya nyongo huweza kujitokeza mtu anapopungua haraka. Homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo au ya bega, kutapika kusikokoma, mguu kuvimba au pumzi kukatika katika wiki za mwanzo ni dalili za kurudi hospitali siku hiyo hiyo, wala si za kusubiri kesho wala za kumeza panadoli.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha maoni yangu. Mfanyabiashara yeyote anajua kwamba gharama ya mzigo si bei ya kununulia tu. Kuna nauli, kuna ushuru, kuna wapagazi, kuna stoo, kuna kinachooza njiani. Anayehesabu bei ya kununulia peke yake hufilisika. Ndivyo ulivyo upasuaji huu. Bei utakayotajiwa Dar es Salaam, Nairobi au India ni bei ya kununulia. Baada yake kuna vitamini za maisha yote, kuna kupima damu mara kadhaa mwaka wa kwanza na angalau mara moja kila mwaka baadaye, kuna nauli ya kurudi kwa daktari, na kuna akiba ya dharura.

Vitamini si hiari. Mtu aliyepasuliwa anakula kidogo, na aliyepitishwa mchepuko anafyonza kidogo. Asipomeza vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D na mchanganyiko wa nyingine, damu hupungua, mifupa hulainika, mishipa ya fahamu huharibika. Na hali hiyo haiji kwa kelele. Namfahamu mfanyabiashara mmoja, mama tuliyekua naye kule makazini, aliyepasuliwa nje ya nchi akarudi na furaha yake. Mwezi wa pili alikuwa anatapika kila siku, akaanza kuhisi ganzi miguuni, kisha akashindwa kusimama. Majirani walisema karogwa kwa wivu wa biashara. Alipoteza wiki mbili kwa mganga. Hatimaye daktari mmoja alisoma karatasi zake, akatambua kwamba mwili wake umekosa vitamini B1, akamchoma sindano za vitamini hiyo. Anatembea leo, lakini kwa fimbo. Alinipa ruhusa kusimulia haya bila jina, akaniambia, "Mwalimu, waambie wenzangu kwamba kukatwa hakukunidhuru. Kilichonidhuru ni kurudi nyumbani nisikokuwa na wa kumuuliza."

Kwa anayefikiria safari hiyo, nina mambo ya kumshauri kama ndugu.

Kwanza, kabla ya kulipa hata faranga moja, uliza: daktari huyu amefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi? Je, hospitali ina chumba cha wagonjwa mahututi? Nikipata tatizo nikiwa nyumbani, nani atapokea simu yangu? Akikasirika kwa kuulizwa, ondoka.

Pili, usipande basi siku ya tatu. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,000, na kukaa kitako muda mrefu baada ya upasuaji ndiko kunakogandisha damu. Panga kubaki karibu na hospitali kwa muda ambao daktari atakutajia, na hesabu fedha ya malazi mapema.

Tatu, dai ripoti ya maandishi: aina ya upasuaji, tarehe, kilichokatwa na kilichounganishwa, dawa na vitamini, na vipimo vinavyofuata. Madaktari wa Tanzania na Kenya huandika kwa Kiingereza. Madaktari wetu wamesoma kwa Kifaransa. Tafsiri ripoti hiyo kabla hujaugua, uiweke pamoja na pasi yako ya kusafiria. Karatasi hiyo inaweza kukuokoa siku ambayo huwezi kusema.

Nne, jua utakachokula. Wiki mbili za kwanza ni vinywaji na uji mwepesi uliochujwa, kisha vyakula vilivyopondwa, kisha laini, hadi kufika chakula cha kawaida baada ya wiki sita hivi. Protini itangulie kila mlo. Neno hili lisikutishe, maana protini haipo kwenye makopo ya bei ghali pekee: ipo kwenye dagaa wa Tanganyika, maharage yaliyopondwa, mayai na maziwa. Ugali wa muhogo ndio wa mwisho, kwa sababu hujaza nafasi na hauna protini ya maana. Tafuna polepole, usinywe maji pamoja na chakula. Na ndugu wa mgonjwa wakubali kwamba mtu anayekula vijiko vitano kwenye sinia hajawadharau. Pombe nayo, hasa baada ya baipasi, hupanda kichwani haraka na kwa nguvu kuliko zamani.

Tano, kwa kina dada. Uzito ukipungua, uwezo wa kushika mimba huongezeka, hata kwa waliokaa miaka bila mtoto. Madaktari hushauri kusubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya mimba, ili mama na mtoto wasigombanie lishe. Vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vizuri baada ya mchepuko, kwa hiyo zungumza na muuguzi kuhusu kijiti au kitanzi. Vilevile, yeyote anayetumia dawa za kila siku, ziwe za kisukari, za shinikizo, za kifafa au za kupunguza makali ya virusi, amweleze daktari mapema, maana dozi huweza kuhitaji kubadilishwa. Katika hilo usifiche. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wengine wataniuliza kuhusu sindano mpya. Ni kweli zipo. Semaglutidi, inayochomwa mara moja kwa wiki, ilipunguza uzito kwa karibu asilimia 15 katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2021, na tirzepatidi ilifika karibu asilimia 20 mwaka uliofuata. Ni hatua kubwa ya tiba. Lakini anayeacha sindano, uzito mwingi humrudia, na dawa yenyewe inahitaji kuhifadhiwa kwenye jokofu kabla ya kuanza kutumiwa. Mwezi Juni mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha dunia kuhusu semaglutidi bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Ikiwa bandia zimepenya huko, sisi ambao dawa hutufikia ndani ya mkoba wa mtu aliyeshuka boti tujiulize mara mbili. Na zile chai na vidonge vya kuyeyusha tumbo, mara nyingi vimekutwa na sibutramini ndani yake, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kusababisha mshtuko wa moyo na kiharusi. Anayeviuza anaweza kuwa jirani yako mwema. Wema wake hauondoi sumu iliyomo.

Nigeukie sasa wenye mamlaka. Burundi na Rwanda ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo ikafuata mwaka 2022. Katika mpango wa Jumuiya wa vituo vya umahiri, Kenya ilipangiwa magonjwa ya figo, Uganda saratani, Tanzania moyo, na Burundi sayansi ya lishe. Basi kazi iko wazi. Hatuhitaji kuanza kesho kupasua watu katika kila wilaya. Tunahitaji muuguzi wa lishe katika hospitali za mpakani anayejua mtu aliyepasuliwa tumbo anahitaji vipimo gani. Tunahitaji kipimo cha vitamini B12 kisiwe cha kufuatwa mji mkuu tu. Tunahitaji vitamini hizo ziwemo katika orodha ya dawa zinazolipiwa na bima, kama zinavyolipiwa dawa za kisukari. Na tunahitaji karatasi ya mgonjwa itambuliwe pande zote za mpaka, kama inavyotambuliwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ikiwa gunia la vitunguu lina hati inayosomeka Kabanga na Kobero, mgonjwa anakosaje?

Wapo watakaosema hayo ni anasa wakati zahanati hazina hata malaria ya kutosha kutibiwa. Mimi nawajibu kwamba gharama tayari tunailipa. Tunailipa kwa miguu inayokatwa kwa kisukari, kwa figo zinazokufa, kwa kina mama wanaoanguka kiharusi wakiwa na miaka 45 na kuacha biashara, madeni na watoto wa shule. Nawaona watoto hao darasani kwangu. Muhula mmoja yupo, muhula wa pili kaenda kuuza karanga kituo cha mabasi badala ya mama yake.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa wengi wetu kinga bado inawezekana: kupunguza sukari na mafuta, kula mapema, kutembea, kupima shinikizo na sukari angalau mara moja kwa mwaka. Lakini kwa yule ambaye kinga imempita, asichekwe, asitishwe na asidanganywe. Apewe ukweli wote, wa faida na wa hasara, achague mwenyewe pamoja na daktari wake, na akirudi nyumbani akute kuna mtu wa kumpokea. Sisi tuliowahi kurudi tukiwa na mabunda kichwani, bila kujua nani atatupokea, tunajua uzito wa jambo hilo.